"Kwani wewe humezi?"

Mshauri, salamu.

Nina miaka 43 na binti mmoja wa miaka 16. Tunaishi wawili tu tangu baba yake alipoondoka, miaka mitatu iliyopita. Nakuandikia usiku kwa sababu mchana sipati nafasi ya kukaa peke yangu bila kuulizwa nafanya nini.

Baba yake alipoondoka sikulala wiki kadhaa. Nilikuwa nalia jikoni huku nimefungulia bomba ili mtoto asisikie. Kazini nikaanza kukosea hesabu ndogo ndogo, na mwenzangu mmoja akanishauri nikamwone daktari. Nikaenda. Alikuwa mtu mzuri, simlaumu, lakini foleni nje ilikuwa ndefu na sidhani kama nilikaa mle ndani hata dakika kumi. Aliniuliza kuhusu usingizi, hamu ya kula, uchovu. Akasema ni sonona, kuna kemikali imepungua kwenye ubongo, ni kama mgonjwa wa kisukari anavyopungukiwa insulini. Akaniandikia sertralini. Sikumwambia kwamba mume wangu ameondoka. Hakuniuliza, na mimi niliona aibu.

Kusema kweli dawa ilinisaidia. Baada ya mwezi hivi nikalala, nikaacha kulia, hesabu zikakaa sawa. Tangu hapo nameza kila asubuhi, zikiisha narudi naandikiwa nyingine. Hakuna aliyewahi kuniambia mwisho ni lini, wala mimi sijawahi kuuliza.

Mwaka jana baba yangu mzazi akafariki. Nilimpenda kupita maelezo. Siku ya maziko nilisimama pale kaburini, dada zangu wakilia, na mimi kilichokuwa kichwani ni kama nimefunga mlango wa gari au sijafunga. Hilo limenitisha kuliko kifo chenyewe. Wiki chache baadaye nikaamua kuacha vidonge, siku moja tu, basi. Siku ya tatu nikaanza kizunguzungu na kitu kama shoti ya umeme kichwani kila nikigeuza macho. Nikawa nalia bila sababu. Siku ya tano nikarudia dawa, kesho yake nikawa sawa. Nikajiambia: umeona, kumbe bado unaumwa.

Sasa suala la binti yangu. Ana wiki sita hayuko sawa. Rafiki yake wa tangu utotoni alimtenga, kundi zima likamfuata huyo rafiki, na binti yangu akabaki anakula peke yake shuleni. Matokeo ya mtihani yakashuka. Anajifungia chumbani, analia, hali chakula vizuri. Nikampeleka hospitali. Akapewa karatasi ya maswali tisa, akapata alama 14, tukaambiwa ni sonona ya wastani. Ameandikiwa fluoksetini, "ajaribu miezi sita". Ile karatasi ya dawa iko mkobani mwangu siku ya tisa leo. Sijaenda kuchukua.

Juzi nilimwambia tusubiri kidogo, labda yatapita. Akaniangalia, akasema, "Kwani wewe humezi?" Kumbe kila asubuhi anasikia ile karatasi ya vidonge inavyotoboka. Sikuwa na jibu.

Dada yangu ni muuguzi, anasema nisicheze na uhai wa mtoto. Kaka anasema dawa hizi zote ni biashara, nizitupe zangu na zake. Mimi naogopa nikimpa nitamfanya awe kama mimi pale kaburini. Na nikimnyima, likitokea la kutokea, nitajiambia nini?

Mama wa binti mmoja

*

Dada yangu,

Pole. Pole ya baba kwanza, maana nahisi katika mwaka mzima huu wengi wamekupa pole na haikufika ilikotakiwa kufika.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza niliona swali moja: nimpe binti yangu dawa au nisimpe. Mara ya pili nikaona maswali mawili yamefungwa kwenye kitambaa kimoja, lako na lake, na fundo limekaza kiasi kwamba ukivuta moja unaumiza jingine. Hofu uliyonayo juu ya fluoksetini yake imetoka kwenye sertralini yako. Inawezekana ni hofu halali. Lakini yeye si wewe, na wiki sita si miaka mitatu. Nitajaribu kulifungua fundo hilo taratibu, na nitaanza na lake, kwa sababu lake lina jambo moja lisilosubiri.

Jambo lenyewe ni hili. Katika yale maswali tisa, la mwisho huuliza kama mtu amekuwa na mawazo kwamba heri angekufa, au ya kujidhuru. Alijibu nini? Hukuniambia, na huenda hata wewe hukuonyeshwa. Muulize leo, kwa maneno ya wazi, si ya kuzungukazunguka: "Mwanangu, kuna wakati unawaza kwamba ni bora usingekuwepo?" Wazazi wengi huogopa kwamba swali hili litampandikizia mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. Halimpandikizii. Mara nyingi humpa nafuu, maana amekuwa akilibeba peke yake. Akisema ndiyo, yote nitakayoandika hapa chini yasubiri. Umrudishe hospitali siku hiyohiyo, usimwache peke yake, na vidonge vyote vilivyomo nyumbani, vikiwemo vyako, vikae mahali asipofika.

Akisema hapana, na ukamwamini, basi una nafasi ya kufikiri. Tuitumie.

Nina neno kuhusu ile karatasi ya maswali. Ni kipimo kinachotumika duniani kote, kina manufaa, na alama 14 kweli ziko kwenye fungu la wastani, linaloanzia 10. Ila kilitengenezwa ili kumstua daktari kwamba hapa pana jambo la kuchunguza. Kinauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: umelalaje, umekulaje, umechoka, umejiona hufai. Hakuna hata swali moja linalouliza kimetokea nini. Msichana wa miaka 16 aliyetengwa na kundi zima, anayekula peke yake mbele ya macho ya watu kila siku, atapata alama gani kama si hizo? Ningeshangaa angepata tatu. Alama zinaonyesha uzito wa mzigo. Nani kaubandika, na kama unaweza kushushwa, hilo karatasi haijui.

Sasa usinisikie vibaya. Sisemi kwamba kwa kuwa tumejua chanzo basi si sonona. Sonona ya kweli mara nyingi ina chanzo, na kuachwa na marafiki katika umri ule kunaweza kumwangusha mtoto kabisa. Ninachouliza ni kama kuna mtu aliyekaa naye akamsikiliza hadithi yote tangu mwanzo. Kwa barua yako, sioni aliyefanya hivyo. Hata wewe, mama, umeyajua ya rafiki na kundi, lakini hukuniambia ugomvi ulianza na nini.

Kuhusu dawa yenyewe, nitakueleza ninachokijua, ukipime. Kwa vijana wa umri wake, fluoksetini ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi kati ya dawa za sonona. Daktari hakuokota jina tu. Ila miongozo ya tiba, ukiwemo wa Shirika la Afya Duniani, huweka mazungumzo ya ushauri nasaha mbele, dawa ikifuata pale hayo yaliposhindwa kutosha au hali ni nzito, tena kwa uangalizi wa karibu. Uangalizi huo una historia. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipitia majaribio 24 yaliyohusisha watoto na vijana zaidi ya 4,400. Waliopewa dawa, kama asilimia 4 walionyesha mawazo au vitendo vya kutaka kujiua, wakati waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa asilimia 2. Hakuna aliyekufa katika majaribio hayo. Lakini tangu hapo dawa hizi zimebeba onyo kali kwenye maelezo yake, na mwaka 2007 onyo likapanuliwa hadi vijana wa miaka 24. Hatari huwa kubwa zaidi wiki za mwanzo na dozi inapobadilishwa. Kwa hiyo ukiamua aanze, swali lako kwa daktari liwe hili: ni nani atakayemwona wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu? Maneno "ajaribu miezi sita" hayajitoshelezi.

Na ukiamua asianze kwanza, kuna hatari upande huo pia, nisikufiche. Sonona isiyoshughulikiwa kwa kijana hula masomo, hula urafiki uliobaki, na wakati mwingine hula uhai. "Labda yatapita" si mpango, dada yangu. Kusubiri kuwe na watu ndani yake: mshauri nasaha atakayemwona kila wiki, mwalimu mmoja anayejua kinachoendelea pale wakati wa chakula, wewe ukikaa mlangoni kwake jioni hata kama hasemi kitu. Kuwe na siku iliyowekwa kwenye kalenda ya kurudi kwa daktari na kusema, haya, amepanda au ameshuka? Madaktari wenyewe hufanya hivyo kwa hali zisizo nzito sana. Wala njia hizi mbili hazigombani. Wapo wengi waliomeza dawa huku wakiongea na mshauri wakapona vizuri.

Naona umesimama kati ya dada na kaka kama mtu anayevutwa mikono yote miwili. Dada yako anaongea kama muuguzi aliyeona mambo, na hofu yake ina msingi. Kaka naye hajakosea kila kitu. Mipaka kati ya huzuni na ugonjwa imewahi kusogezwa na watu waliokaa mezani, tena wataalamu wenzao wakilalamika. Mwongozo wa maradhi ya akili unaotumika Marekani ulikuwa unamwambia daktari asiharakishe kumhesabu aliyefiwa kuwa mgonjwa wa sonona katika miezi miwili ya mwanzo. Toleo la mwaka 2013 likaiondoa kinga hiyo. Daktari Allen Frances, aliyeongoza kazi ya toleo lililotangulia, alipinga hadharani, akisema majonzi ya kawaida yatageuzwa ugonjwa. Waliotetea walisema kufiwa hakumkingi mtu na sonona, na akiwa nayo anastahili tiba kama mwingine. Mimi ninawaelewa wote wawili, jambo linaloniudhi kidogo. Lakini kutoka hapo hadi "zitupe zako na zake" ni mbali mno, na kaka yako hatakuwepo siku ya tatu shoti za umeme zikianza.

Hapo ndipo tunafika kwako.

Uliambiwa kemikali imepungua kama insulini kwa mwenye kisukari. Uliambiwa hivyo kwa nia njema, mamilioni wameambiwa hivyohivyo. Tofauti ni kwamba kisukari hupimwa kwa damu. Serotonini yako, ndiyo hiyo kemikali ya ubongo, haikupimwa na mtu, kwa sababu hakuna kipimo cha kliniki cha kumpima mtu hivyo na kusema huyu ana sonona. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff, daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza, na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti nyingi wakasema hawakuona ushahidi thabiti kwamba sonona husababishwa na upungufu wa serotonini. Wataalamu wengine walisema hilo halikuwa jipya kwao, na kwamba dawa inaweza kusaidia hata kama maelezo yale yalikuwa mepesi mno. Katika hilo wana hoja: maumivu ya kichwa hayaletwi na upungufu wa panadoli. Ninachotaka ukione ni kitu kingine. Ukiaminishwa kwamba umepungukiwa, hutauliza mwisho ni lini. Mtu haulizi ataacha lini insulini.

Na je, ulikuwa mgonjwa? Sijui, sikuwepo. Kutolala kwa wiki kadhaa si kitu cha kudharau. Umesema mwenyewe dawa ilikusaidia, na mimi sitakunyang'anya ukweli huo. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2018, wa majaribio 522, ulikuta dawa zote 21 zilizolinganishwa zikivishinda vidonge visivyo na dawa kwa watu wazima wenye sonona kamili, ingawa kwa wastani tofauti haikuwa kubwa. Ila majaribio ya namna hiyo kwa kawaida hutazama wiki nane hivi. Wewe uko mwaka wa tatu. Na kwa sonona isiyo nzito, mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2022 unasema dawa zisiwe jambo la kwanza kupewa mtu, isipokuwa mwenyewe akipenda. Wewe hukupata nafasi ya kupenda au kutopenda. Ulipata dakika kumi, na habari kubwa kuliko zote, kwamba mumeo ameondoka, ikabaki mdomoni mwako.

Nimeirudia mara nyingi ile sehemu ya mlango wa gari. Kupoa kwa hisia, zote, za uchungu na za furaha pia, ni jambo ambalo watumiaji wengi wa dawa hizi hulisimulia, na linatambulika kitabibu. Huenda ndilo lililokukuta. Lakini niruhusu nichokoze dhana yako kidogo: wapo wasiomeza chochote ambao nao husimama kaburini wakawaza mlango wa gari. Akili hufanya hivyo kitu kikiwa kikubwa mno. Kwa hiyo usiifanye siku ile kuwa hukumu juu ya vidonge, wala juu ya mapenzi yako kwa baba. Dalili iliyo imara zaidi ni hii: lini mara ya mwisho ulicheka mpaka ukashika ubavu? Ukikumbuka ni mwezi uliopita, hiyo ni habari moja. Ukikumbuka ni kabla ya vidonge, ni habari nyingine, na daktari anapaswa kuisikia kwa maneno hayohayo.

Sasa zile siku tano. Ulihitimisha kwamba bado unaumwa. Mimi nasoma tofauti. Kizunguzungu na shoti za umeme kichwani ukigeuza macho si dalili za sonona. Hizo ni dalili za mwili ulionyang'anywa ghafla kitu ulichokizoea. Zilikuja ndani ya siku chache na zikaondoka mara tu uliporudia kumeza, na hivyo ndivyo zinavyotambulika. Sonona inaporudi huja polepole, wiki au miezi. Hata kilio kile cha siku zile, sina hakika ni cha ugonjwa. Labda ni cha dawa kutoka mwilini. Au labda, sithubutu kusema zaidi ya labda, sehemu yake ilikuwa ya baba yako, ikipenya ilipopata upenyo.

Basi usiache tena kwa namna ile. Ukitaka kupunguza, na sisemi ni lazima utake, mipangilio ipo. Chuo cha kifalme cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Uingereza kilitoa mwongozo wa jambo hili mwaka 2020: dozi hushushwa kidogo kidogo, kwa wiki au miezi, na hatua za mwishoni huwa ndogo kuliko za mwanzo, kwa sababu dozi ndogo bado ina nguvu kubwa kwenye ubongo kuliko mtu anavyodhani. Huenda na wakati si huu, binti akiwa katika hali hii. Huenda ndio huu, ili akuone ukikaa mbele ya daktari na kuuliza maswali ambayo hukuuliza miaka mitatu iliyopita. Wako waliopunguza wakapata machozi na vicheko vyao. Wako waliopunguza wakazama, wakarudia dawa, na wakashukuru kwamba ipo. Sina darubini ya kuona wewe ni yupi.

Swali nitakaloomba ubebe, kwako na kwake, ni hili: dawa hii inanisaidia kufanya nini? Kwako, mwanzoni, ilikusaidia usimame, umlee mtoto, usifukuzwe kazi. Hilo ni kubwa. Je, na leo bado inafanya kazi hiyohiyo, au siku hizi inakusaidia tu usikutane na ile habari iliyobaki mdomoni? Kwake: ingemsaidia kupata nguvu ya kuyakabili yaliyoko shuleni, au ingemsaidia kuzoea kula peke yake? Jibu la kwanza na la pili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na ndiyo maana halijibiwi na mimi huku wala na dada na kaka yako.

Mwisho, umesema hukuwa na jibu aliposema "Kwani wewe humezi?" Wewe ulilisikia kama shtaka. Sidhani kama lilikuwa shtaka. Huyu mtoto amekusikiliza ukitoboa vidonge asubuhi zote hizo bila kujua unameza kwa nini. Kama masikio yake yanasikia karatasi ya vidonge, basi na jikoni alisikia, bomba likimwaga maji. Unaweza kurudi mlangoni kwake ukamwambia: "Nameza? Ndiyo, nameza. Nilianza baba yako alipoondoka, na sikumwambia daktari kwamba ameondoka. Hata wewe sijawahi kukuambia nilivyoumia." Halafu unyamaze, umwache aongee yeye.